Staji Si Muhuri Tu



Wakati mutihani wa Serikali unakaribia, sisi wa mwaka wa mwisho tunaulizana kila siku: "Weye, kisha diplome utasoma nini?" Wengi wanajibu: Sheria. Wanapenda nguo ndefu nyeusi ya avoka. Wanapenda kusimama na kusema, watu wote wanyamaze. Ni vizuri. Lakini ukiwauliza, "Na staji utaifanya wapi?", wanacheka. Kwao staji ni kufagia biro ya mukubwa, kutumwa kununua mukate, kukaa kwa benchi tangu asubuhi mpaka saa nane, na mwisho kupokea karatasi yenye muhuri. Kuko hata wenye kutafuta raporti ya mwanafunzi wa mwaka uliopita, wanabadilisha jina na tarehe, wanaipeleka kwa mwalimu, basi.

Mimi kapita wenu ninakataa mawazo hayo. Ninaandika maneno haya ili kuonyesha kwamba staji inaweza kufungua mulango wa gereza. Sisemi kwa mifano. Jambo hili lilitendeka kweli, na wenye kulitenda walikuwa wanafunzi kama sisi, wakubwa kidogo tu kuliko sisi.

Kwanza tuelewane juu ya mahali penyewe. Katika inchi ya Marekani kuko nyumba zenye kazi moja: kuchunguza namna polisi, matribinali na magereza wanavyofanya kazi. Nyumba hizo hazihukumu mutu, hazifungi mutu, wala hazitafuti kura. Watu wake wanauliza, wanahesabu, wanasoma madosie, wanaandika, kisha wanapeleka shauri kwa wenye kutunga sheria. Vera Institute of Justice iko New York. The Sentencing Project ilianza mwaka 1986, iko Washington. Prison Policy Initiative ilianza mwaka 2001 katika jimbo la Massachusetts. Ukisikia majina haya unafikiri ni mahali pa wazee wenye mvi na miwani. Wazee wako, ndiyo. Lakini angalieni vizuri namna kazi ilivyoanza, mutaona mikono ya wanafunzi.

Tuanze na New York. Kule mutu akikamatwa, mwamuzi anaweza kumwambia: "Leta feza hesabu fulani, uende kwako. Siku ya hukumu ukirudi, tutakurudishia." Ile njo inaitwa feza ya zamana. Mwenye feza analala kwa kitanda chake. Asiye na feza analala gerezani, hata kama hajahukumiwa, hata kama mwisho wataona hana kosa. Watu wawili, shitaka moja, mwamuzi mumoja, lakini mumoja anaenda kulia na mwingine anaenda kushoto sababu ya mufuko.

Mwaka 1960, mutu mumoja jina lake Louis Schweitzer, injinia na tajiri wa kiwanda cha karatasi ya sigara, alisikia kwamba katika gereza la Brooklyn kuko vijana wenye kungojea hukumu miezi mingi juu ya kukosa hiyo feza. Jambo hilo lilimusumbua. Akaungana na Herbert Sturz, kijana wa miaka 30, mwandishi wa gazeti. Sturz hakuwa avoka. Wakaanzisha nyumba yao mwaka 1961, wakaiita Vera, jina la mama ya Schweitzer.

Njia nyepesi ilikuwa kufanya sanduku la feza na kulipia masikini. Walifikiri juu ya njia hiyo, lakini wakaona shida itabaki palepale: mulango ungeendelea kufunguliwa na makuta tu. Wao walitaka kuuliza ulizo lingine kabisa. Je, ni feza kweli yenye kumurudisha mutu tribinalini? Au ni nyumba yake, bibi yake, watoto wake, kazi yake? Mutu mwenye mizizi katika muji, ataikimbia mizizi yake aende wapi?

Ulizo hilo, nani atalipeleka kwa wafungwa? Hapo njo wanafunzi wanaingia. Tarehe 16 ya mwezi wa 10, mwaka 1961, wanafunzi wa Sheria wa New York University walianza kazi katika tribinali ya Manhattan. Kila mumoja alikuwa na karatasi ya maulizo. Unaishi wapi? Tangu lini? Unaishi na nani? Unafanya kazi gani, na miaka ngapi sasa? Nani anakujua mujini? Umekwisha kufungwa mbele? Majibu yalipewa pointi. Mwenye kukaa mahali pamoja wakati murefu alipata pointi, mwenye kuishi na jamaa yake pia, mwenye kazi vilevile. Mwenye makosa ya zamani alipunguziwa. Aliyefikisha pointi 5, na akiwa na anwani mujini, mwanafunzi aliweza kumwandikia mwamuzi: "Huyu anaweza kuachiliwa kwa neno lake tu, bila feza."

Musisahau hatua moja ya katikati, maana mimi naona njo moyo wa kazi yote. Mwanafunzi hakuandika tu yale mufungwa alisema. Alienda kuhakikisha. Alipiga simu kwa mama, kwa mukubwa wa kazi, kwa jirani. Alitafuta ndugu ya mufungwa kama alikuwa amekaa ndani ya tribinali. Jibu lisilohakikishwa halikuwa na uzito. Kwa sababu hiyo waamuzi walianza kuamini karatasi ya kijana asiye bado avoka.

Hapa ninawaambia jambo moja la kazi yangu. Kapita anaandika majina. Mwenye kuchelewa, ninamwandika. Mwenye kupiga kelele wakati wa etude, ninamwandika. Jina likisha kuingia mu karatasi na karatasi ikisha kufika kwa Perefe, yule mutu atafagia uwanja, hata kama alikuwa na sababu nzuri. Karatasi haisikii sababu. Inasema tu kile kiliandikwa. Kwa hiyo mimi ninaelewa ukubwa wa kazi ya wale vijana wa 1961. Wao walikuwa wanaandika majina kama mimi, lakini wao waliandika ili mutu atoke, na waliuliza mbele ya kuandika.

Sasa nifike kwenye jambo gumu, ambalo wengine watalipenda kidogo. Mwanzoni wale wa Vera walitaka kuonyesha kweli bila shaka. Basi watu wenye kustahili kuachiliwa waligawanywa mafungu mawili kwa bahati, kama kura. Wa fungu la kwanza, karatasi yao ilipelekwa kwa mwamuzi. Wa fungu la pili, karatasi yao iliwekwa pembeni, mwamuzi hakuiona. Matokeo yalikuwa haya: katika fungu la kwanza, waamuzi waliachilia bila feza watu 59 kwa kila 100. Katika fungu la pili, watu 16 tu kwa kila 100. Watu walikuwa wa namna moja. Tofauti ilikuwa karatasi ya mwanafunzi.

Fikirini wenyewe. Weye ni mwanafunzi wa staji. Umeongea na mutu, amekuambia jina la mama yake, umepiga simu, mama amelia. Pointi zimefika 5. Kisha unaambiwa: "Huyu ni wa fungu la pili, nyamaza." Utanyamaza? Ninajua wenzangu wengi watasema: "Ile ni zambi, mimi ningeandika kwa siri." Roho nzuri hiyo, siilaumu. Lakini kama kila mumoja angeandika kwa siri, waamuzi wangesema: "Mulichagua watu wazuri tu, hamujaonyesha kitu." Na kazi ingekufa, na maelfu ya wengine wangebaki ndani. Mimi ninakubali jaribio lile kwa shariti mbili. Moja, lisidumu kuliko inavyohitajiwa. Mbili, mwenye kulifanya asizoee. Siku ambayo mwanafunzi ataweka karatasi ya mutu pembeni na kwenda kula bila kusikia kitu rohoni, siku ile amekuwa kama ule mulango wa chuma wenyewe.

Tena jaribio lilionyesha jambo ambalo hata wenyewe hawakulitazamia sana. Katika wale walioachiliwa, watu 60 kwa kila 100 mwisho hawakuhukumiwa kuwa na kosa. Katika wale wa fungu la pili, ni 23 tu kwa kila 100. Mbona hivyo? Aliye inje anatafuta avoka, anatafuta washahidi, anaendelea na kazi yake, anakuja tribinalini amevaa nguo safi. Aliye ndani anakuja amechoka, tena anatoka mulango wa wafungwa mbele ya macho ya wote. Kumbe kungojea gerezani hakuko kungojea tu. Kunaongeza uzito kwa shitaka lenyewe.

Katika miaka 3 hivi, watu karibu 3,500 waliachiliwa kwa shauri la kazi ile bila kutoa feza. Katika kila 100, wenye kukataa kurudi kwa kusudi hawakufika 2. Ulizo la mwanzo likapata jibu: feza haikuwa ile yenye kurudisha watu. Mwaka 1964, mwezi wa 5, waamuzi, maavoka na wakubwa wa polisi walikutana Washington juu ya jambo hili, pamoja na Robert Kennedy, waziri wa sheria wa wakati ule. Tarehe 22 ya mwezi wa 6, mwaka 1966, Rais Lyndon Johnson akatia mukono wake kwa sheria mupya ya zamana kwa matribinali ya serikali kuu ya Marekani. Tangu karatasi ya kwanza ya mwanafunzi mpaka mukono wa Rais, hata miaka 5 haikutimia.

Labda mutu atasema: "Kapita, hiyo ilikuwa bahati ya mara moja, tena kulikuwa tajiri nyuma yao." Sawa. Basi nitatoa habari ya pili, isiyo na tajiri.

Prison Policy Initiative ilianzishwa mwaka 2001 na wanafunzi watatu. Mumoja wao, Peter Wagner, alikuwa anasoma Sheria. Aliangalia jambo ambalo watu wote walikuwa wanalipita. Marekani inahesabu watu wake wote kila miaka 10, na kwa hesabu ile inagawanya viti vya wawakilishi. Lakini mufungwa alihesabiwa wapi? Hakuhesabiwa kwao, alihesabiwa kwenye gereza. Katika jimbo la New York wafungwa wengi walitoka mu muji mukubwa, lakini magereza mengi yalikuwa mbali kaskazini, katika vijiji. Mufungwa hana ruhusa ya kupiga kura, lakini mwili wake uliongeza hesabu ya watu wa mahali pale, na wenye kukaa karibu na gereza wakapata nguvu kuliko wengine. Mutaa alikotoka ukapunguziwa.

Wagner aliandika uchunguzi wake mwaka 2002, angali mwanafunzi. Kisha wakaendelea kutafuta mifano. Katika muji mudogo wa Anamosa, jimbo la Iowa, walikuta mutaa mumoja wa kura ambao karibu watu wake wote walikuwa wafungwa. Mutu mumoja alichaguliwa kuwa mushauri wa muji pale kwa kura 2. Ninasema mbili! Hata sisi tukichagua kapita wa darasa tunapita hapo. Mufano ule ukaeleweka kwa kila mutu, hata asiyejua sheria. Mwaka 2010 majimbo ya Maryland na New York yakatunga sheria kwamba wafungwa wahesabiwe mahali walikokuwa wanaishi mbele ya kufungwa. Na majimbo mengine yakafuata kisha.

Mumeona? Mwanafunzi hakuleta silaha, hakupiga kelele barabarani. Alileta hesabu iliyohakikishwa na mufano mumoja wa kweli.

Lakini nisiwadanganye kwamba yote yakawa mazuri. Ile karatasi ya pointi ya 1961 ilikuwa na upungufu wake. Pointi zinatolewa kwa nyumba, kwa kazi, kwa jamaa. Yule asiye na nyumba wala kazi wala jamaa, yaani masikini kuliko wote, anapata nini? Anabaki na sifuri yake. Leo watu wanabishana sana Marekani juu ya mashini zenye kutoa pointi namna hii, kwamba zinaendeleza ubaguzi wa zamani kwa sura mupya. Tena mwaka 1984 sheria ingine ilitoa nguvu ya kumufunga mushitakiwa mbele ya hukumu kama mwamuzi anaona ni mutu wa hatari.

Na feza ya zamana haikufa. Mwaka 2010, katika Bronx, kijana Kalief Browder wa miaka 16 alishitakiwa kwamba aliiba mufuko wa mugongoni. Mwamuzi aliomba zamana ya dola 3,000. Jamaa yake hawakuwa nayo. Alikaa katika gereza la Rikers Island karibu miaka 3, sehemu kubwa ndani ya chumba cha peke yake, bila kuhukumiwa hata siku moja. Mwaka 2013 shitaka likafutwa, akatoka. Lakini alitoka na akili iliyovunjika, na mwaka 2015, akiwa na miaka 22, akajiua. Angalieni mahali jambo hili lilitendeka: ni mu muji uleule wa New York, miaka karibu 50 kisha wanafunzi wa kwanza kuonyesha kwamba feza haina lazima. Mwaka 2019 jimbo lilitunga sheria ya kuondoa feza ya zamana kwa makosa mengi madogo, nayo ikaanza kazi mwaka 2020. Kisha sheria hiyo ikabadilishwa tena mara kadhaa. Maana yake nini? Kweli iliyohakikishwa mara moja inasahauliwa. Inahitaji wanafunzi wapya kila mwaka wa kuihakikisha tena. Hiyo njo sababu nyumba hizi hazipashwe kuacha kupokea vijana.

Sasa nijibu maneno matatu ninayoyasikia mara nyingi.

Neno la kwanza: "Hayo ni ya Marekani, yanatuhusu nini?" Ndugu, Katiba yetu ya mwaka 2006, kwa artikle 17, inasema kwamba uhuru wa mutu ni kanuni, na kufungwa ni kwa nadra. Ni maneno mazuri, tunayaandika kwa kazi ya siviki na tunapata pointi. Lakini gereza la Makala la Kinshasa lilijengwa kwa watu 1,500, na mwaka 2024 lilikuwa na watu kupita 10,000, wengi wao wangali wanangojea hukumu. Usiku wa kuamkia tarehe 2 ya mwezi wa 9, mwaka ule, watu walijaribu kutoroka, na Serikali ilitangaza kwamba 129 walikufa. Wengi wa wale waliokuwa ndani, kama mutu angewauliza "unaishi wapi, nani anakujua, tangu lini uko hapa", labda mwamuzi angewaachilia zamani. Ulizo ni dogo. Haliombi feza nyingi. Linaomba kijana, kalamu, na ruhusa ya kuingia.

Neno la pili: "Sisi tuko wadogo, hakuna mutu atatusikiliza." Na mimi ninauliza: mufungwa anaogopa nani? Anaogopa polisi, anaogopa prokireri, hata avoka anamwogopa kidogo sababu ya feza. Mwanafunzi hana nguvu ya kumufanyia ubaya. Anaweza kukaa chini karibu naye na kumusikiliza. Udogo huu ambao munauonea haya, katika kazi ya kuuliza unakuwa faida. Lakini unakuwa faida kwa mwenye adabu tu. Ukienda pale kumuita mutu muzima "weye mwizi", kumbe ana umri wa baba yako, umeharibu. Mwite Baba, mwite Mama, mwite Yaya. Hajahukumiwa. Na hata angehukumiwa, jina la baba halifutwi na hukumu.

Neno la tatu njo lenye uzito kuliko yote: "Staji hailipwi. Nani atanipa gari na chakula miezi mitatu?" Hapa ninasimama na wenye kulalamika. Staji ya bule inachagua watoto wa matajiri, hata kama hakuna mutu anasema hivyo. Mutoto wa mulimaji, mutoto wa mujane, mutoto ambaye baba yake iko gerezani, huyu hawezi kukaa mujini miezi mitatu bila kitu. Basi anabaki kijijini, na mwenye kwenda kumuuliza masikini ni yule asiyejua umasikini. Ataandika "hana anwani" na kupita, hatajua kwamba pale kwetu nyumba haina namba lakini kila mutu wa kilima anaijua. Marekani yenyewe ilichelewa kuelewa. Mwaka 2018 tu njo Kongre iliweka feza ya kulipa wanafunzi wa staji katika mabiro yake, na wale wa biro ya Rais walianza kulipwa mwaka 2022. Nyumba yenye kuchunguza haki na kumutumikisha kijana bila hata feza ya mukate, inapashwa kwanza kujichunguza yenyewe.

Kwa hiyo mimi ninaomba mambo kwa pande zote.

Wakubwa wa mabiro, wa matribinali na wa mashirika yenye kupokea vijana, ninawaomba kwa heshima: musitupe fagio peke yake. Kufagia tunajua, tunafagia hapa kila siku ya posho. Mutupe ulizo moja la kweli na mutufundishe namna ya kuhakikisha jibu. Mutupe na feza ya gari, hata kidogo.

Walimu wetu, ninawaomba: raporti ya staji isihesabiwe kwa wingi wa kurasa wala kwa uzuri wa jalada. Mumuulize mwanafunzi: "Jambo gani ulilikuta ambalo wenye biro hawakulijua?" Kama hana hata moja, muhuri wake ni wino tu.

Na weye mwenzangu mwenye kutaka nguo ya avoka, ninakuomba kuliko wote. Usinunue raporti. Najua ni rahisi, najua wengi wanafanya. Lakini fikiri: yule mwenye kuandika uongo juu ya staji yake akiwa na miaka 20, ataandika nini juu ya mutu mwingine akiwa prokireri na miaka 40? Mukono unazoea. Unaanza kwa kubadilisha jina kwenye jalada, unamaliza kwa kubadilisha jina kwenye dosie, na mutu asiye na kosa analala chini ya semani.

Wale wanafunzi wa Manhattan hatujui majina yao wengi. Hakuna sanamu yao. Walipiga simu, waliandika "ndiyo, mama yake anathibitisha, anaishi naye miaka 6", wakatia tarehe, wakaenda kwa mufungwa mwingine. Kazi ilikuwa hiyo tu, siku kwa siku, na inchi kubwa ikabadilisha sheria.

Tukienda staji, twende na daftari, na masikio, na aibu ya kusema uongo. Muhuri utakuja wenyewe.

Mwenye kutaka kubishana nami, anikute chini ya muembe kisha chakula, si wakati wa etude, maana nitamwandika.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho